Pua ya Mteuzi Mstaafu

Jumatatu, 1 Julai 2024

Basi, yamenikuta. Daktari wa zahanati amekitazama kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, kilivyovimba kikawa chekundu kama nyanya, akaniuliza huwa nakula nini. Nikasema chakula. Chakula gani? Nikaanza kumtajia. Nilipofika kwenye supu ya makongoro aliweka kalamu chini.

Gauti! Eti ugonjwa wa wafalme. Mfalme wa wapi mimi? Mstaafu wa tumbaku, mgane, nyumba ya vyumba vitatu hapa Ipuli, Tabora, kabichi matuta mawili nyuma ya jiko. Hiyo ndiyo himaya yangu yote.

Marufuku nyama nyekundu. Marufuku maini, utumbo, makongoro, pombe. Dagaa je? Nimeuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto. Dagaa pia.

Nile nini sasa, daktari? Kula majani, mzee.

Miaka thelathini na moja nimekuwa mteuzi wa tumbaku. Nimenusa majani, nimeyashika, nimeyapangia madaraja, wakulima wa Urambo wametetemeka mbele ya pua yangu hii. Sikujua mwisho wake nitaambiwa niyale.


Jumatano, 3 Julai

Nimekaa siku mbili kwa ugali na mlenda niliopika mwenyewe. Mlenda wangu ungeweza kubandikia barua.

Asubuhi nimekwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Shilinde, fundi baiskeli, Msukuma, mtani wangu. Nilimweleza habari ya kidole. Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu mgongoni kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu, leo mmoja wenu kaangushwa na kidole! Halafu akaniambia kuna mama kafungua mgahawa nyuma ya gereji yake. Chakula cha mbuzi, bei ya binadamu.

Nje kuna ubao, umeandikwa kwa chaki: HAKUNA NYAMA. HAKUNA SAMAKI. HAKUNA YAI. HAKUNA MAZIWA. HAKUNA DAWA ZA SUMU. Nikasoma mara mbili. Ndiyo biashara ya kwanza kuiona inatangaza visivyokuwemo.

Mwenyewe anaitwa Godeliva. Ni mama wa makamo, kwao Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi. Alipika miaka mingi Arusha kwenye hoteli ya wageni, huko ndiko alikojifunza mambo haya. Anayaita vegani. Mboga zake zote, anasema, ni za kilimo hai: samadi, majivu, mwarobaini, basi.

Nikaona nimbane. Nikamwambia mama, samadi si inatoka kwa ng'ombe? Akanitazama. Ng'ombe hajachinjwa, mzee, kanya tu. Meza nzima ya pili ikacheka. Nikaagiza.

Sahani shilingi elfu mbili na mia tano. Ugali wa dona, kisamvu cha karanga, nsansa, boga, na choroko pembeni. Niliingia nikiwa nimejiandaa kuhuzunika. Lo! Ile nsansa! Mara ya mwisho kula majani ya kunde yaliyokaushwa vile, marehemu mke wangu alikuwa jikoni. Nimeomba nyongeza. Nimeongezwa bila kuulizwa.

Nimemwambia Shilinde chakula si kibaya. Sijamwambia zaidi. Mtu ana heshima yake.


Ijumaa, 5 Julai

Aibu nyingine. Naiandika upesi ili nisiifikirie.

Kisamvu cha leo kilikuwa kizuri, lakini moyo wangu ulikuwa unanong'ona: dagaa. Dagaa wachache tu. Nilitoka nao nyumbani, wa kukaanga, nimewafunga kwenye karatasi, nimewatia mfuko wa ndani wa koti langu la khaki. Koti hili ndilo la kazi, lina mifuko sita. Nimelivaa tangu enzi za mnada wa tumbaku, na asubuhi hizi za Julai zenye baridi sitoki bila hilo.

Mpango ulikuwa mzuri. Godeliva akigeuka, mkono mfukoni, dagaa wawili chini ya ugali, tonge, mdomoni. Nimefanikiwa mara tatu.

Kumbe ana paka. Paka wa mgahawa usio na nyama! Sijui anaishije, masikini. Akaja, akakaa mbele yangu, akanikazia macho. Akaanza kulia. Akapanda gotini, akaingiza kichwa ndani ya koti langu mbele ya watu wote, akatoka na karatasi mdomoni.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nagawa meza ya Bwana.

Godeliva hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Kasema tu: Mzee Mahona, huyo paka hajaonja dagaa tangu Pasaka, Mungu akubariki. Halafu akanibadilishia sahani.


Jumamosi, 6 Julai

Nimempelekea asali ya nyuki wadogo, chupa nzima, kuomba radhi. Amekataa! Vegani hawali asali. Eti ni mali ya nyuki. Nikamwambia mama, hapa ni Tabora, usiposema vizuri juu ya asali watu watakuhamisha. Akacheka, akasema asante kwa moyo, ila chupa niondoke nayo.

Nimerudi Ipuli na chupa yangu kwapani. Nimefika kidole hakiumi.


Jumanne, 9 Julai

Leo nimejionyesha. Ni kosa, lakini lilikuwa tamu.

Godeliva alikuwa anapokea mafungu ya mboga mlangoni. Kuna mtu kaleta figiri. Mimi nimekaa zangu, nasubiri chakula, mkono ukaenda wenyewe. Nikachukua jani, nikalinyoosha kwenye mwanga, nikalikunja kati ya vidole, nikanusa shina kwanza, ubapa baadaye. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya mnadani, robota la tumbaku baada ya robota, mia mbili kwa siku. Nikasema: hili limemwagiliwa maji ya mtaroni. Mwenye figiri akaanza kubabaika. Kumbe kweli!

Godeliva amenitazama kama nimefufua mtu.

Akakaa mezani kwangu, akanieleza shida yake. Watu wanamwuliza atajuaje kama mboga hazina dawa. Cheti cha kilimo hai kina gharama na mlolongo, na yeye ana sufuria nne. Akaniomba niwe nazinusa kila zinapoletwa. Wewe ndiye utakuwa cheti changu, Mzee Mahona.

Nilitakiwa niseme nitafikiria. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Nimemweleza masharti ya kazi. Mteuzi haogi sabuni ya kunukia. Hapaki mafuta. Havuti sigara, hali kitunguu kibichi, havai nguo yenye harufu. Niliwahi kumrudisha nyumbani kijana mmoja msomi kwa sababu ya mafuta ya nywele tu. Alilia. Godeliva alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sharti. Nilijisikia nina miaka arobaini.


Jumatano, 10 Julai

Kazi ya kwanza. Nimemjua binti anayeleta mchicha. Anaitwa Stela, naye kwao Ulyankulu, amepanga chumba huku Ipuli na analima bondeni, karibu na kisima. Godeliva ndiye aliyemshawishi aongeze matuta matatu kwa ajili ya mgahawa, na Jumapili wanakaa benchi moja kanisani. Anamwita mama.

Shikamoo babu. Marahaba. Akapiga goti kidogo, akaniwekea fungu mezani kwa mikono miwili.

Nikanusa. Udongo, maji safi, mwarobaini kwa mbali. Nikatangaza kwa sauti ya mnadani: daraja la kwanza! Watu wakapiga makofi. Stela akacheka, mkono mdomoni.

Juisi ya ukwaju nimepewa bure. Shilinde anasema nimekuwa hakimu wa mbuzi.


Jumatatu, 15 Julai

Baridi. Viwavi wameingia kwenye kabichi zangu. Nimetafuta majivu, hayatoshi. Kuna ile chupa ya dawa iliyobaki tangu nilipokuwa na shamba la tumbaku. Nimeichanganya nikapulizia matuta yote mawili. Upepo ulikuwa mkali, nusu yake imenirudia mwenyewe. Najua, najua. Kilimo hai ni cha Godeliva. Kabichi ni zangu.

Kidole safi. Nimetembea mpaka sokoni na kurudi.


Jumanne, 16 Julai

Siku ndefu. Nimefanya kazi yangu. Nataka niandike kwamba nimefanya kazi yangu.

Stela alileta mchicha saa nne. Shikamoo, marahaba, fungu mezani, mikono miwili. Wateja walikuwepo sita au saba. Nikachukua jani, nikalinyoosha, nikainama.

Dawa.

Si mwarobaini. Dawa yenyewe ya dukani, kali, ile inayokaa nyuma ya koo. Nikanusa jani la pili. Dawa. La tatu kutoka katikati ya fungu. Dawa! Nikamwuliza: binti, umepulizia nini? Akasema hajapulizia kitu, babu, majivu tu. Nikamwambia asiniongopee, pua hii ina miaka thelathini na moja kazini. Nilisema hivyo kwa sauti. Mnadani ilibidi useme kwa sauti ili mnunuzi wa mwisho asikie.

Godeliva alitoka jikoni anafuta mikono. Akamtazama Stela, akanitazama mimi. Una hakika, mzee? Nikasema jani halina hila.

Stela aliapa kwa Bikira Maria. Godeliva alimwambia asimtaje Bikira Maria kwenye sumu. Akaendelea: Nilikuchukua kama mwanangu, Stela, nimewaambia watu hawa wote kwamba chakula changu ni salama. Akamwambia achukue mchicha wake aende, asirudi.

Binti aliinama. Alikusanya mafungu moja moja, akayafunga kwenye khanga. Alipofika mlangoni akageuka akaniambia kwaheri babu.

Wateja wamenishukuru. Mama mmoja mjamzito amenishika mkono kwa mikono yote miwili. Nimekula vizuri. Jani moja nimelihifadhi humu, katikati ya daftari, kama sampuli. Mteuzi hatupi ushahidi.

Sijui kwa nini sina usingizi wa mchana.


Alhamisi, 18 Julai

Nimepita sokoni. Stela amekaa chini, kwenye gunia, mafungu mbele yake mengi, kama hajauza hata moja. Mwanamke mmoja aliinama akachagua, mwenzake akamvuta khanga: huyo ndiye wa dawa, yule aliyefukuzwa kwa Godeliva. Wakaondoka.

Nilitaka kupita upande wa pili. Ameniona.

Shikamoo babu.

Angenitukana! Ningejua la kumjibu. Nimesema marahaba nikaongeza mwendo, na kidole kimeanza kuuma upya. Sijala nyama hata kipande. Kidole kina wazimu.


Jumamosi, 20 Julai

Ee Mungu wangu.

Nimekaa kuandika habari za kidole. Daftari limefunguka kwenye lile jani. Limekauka vizuri, rangi haijapotea. Nikalinusa, kwa mazoea tu.

Halina kitu. Majani, karatasi, basi. Nikasema labda limepoa, siku nne ni nyingi. Lakini dawa ile haipoi siku nne. Naijua. Kwenye ghala ilikuwa inakaa miezi.

Nikainuka kuchukua koti msumarini nitoke nikavute hewa. Nikalivuta begani na palepale nikaipata harufu ile. Nyuma ya koo.

Nimeketi kitandani na koti magotini. Nikarudi humu kusoma. Jumatatu tarehe kumi na tano, maandishi yangu mwenyewe: baridi, viwavi, upepo umenirudishia dawa. Jumatatu nimejipulizia dawa, Jumanne nimevaa koti lile lile, nimeinama juu ya mchicha wa mtoto wa watu, mkono wa koti chini ya pua yangu, nikanusa mkono wangu mwenyewe mara tatu. Halafu nikahukumu!

Nilimrudisha kijana nyumbani kwa mafuta ya nywele.

Sikuiamini pua tena, nikamwita Asnath. Ni mdogo wangu wa mwisho, anakaa nyumba ya tatu, hujui akisema uongo maana hajawahi. Nikamwambia afumbe macho. Nikampa jani. Akasema: jani kavu, kaka, kwani nini? Nikampa koti. Alirudi nyuma hatua mbili. Kaka, hii si dawa ya kabichi? Ulilivaa koti hili ukipulizia? Nikasema ndiyo. Lete nifue basi. Nikasema usilifue. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia toka.

Sikumwambia sababu. Nimemfokea Asnath kwa kosa langu. Naona ndiyo desturi yangu siku hizi.


Jumapili, 21 Julai

Nimevaa suti aliyonichagulia marehemu mke wangu. Nimepokea sadaka mlangoni. Mchungaji alihubiri nini, sikumbuki. Baada ya ibada watu watatu wamenipongeza kwa kumfichua yule binti. Habari imetoka Ng'ambo imefika kwetu Wamoraviani kabla ya kengele.

Nimesema asante. Mara tatu! Petro angalau jogoo alimshtua.


Jumatatu, 22 Julai

Nilikwenda bondeni kwa Stela. Nilikwenda kukiri. Nilijiandaa njia nzima, maneno yote yalikuwa tayari.

Nilimkuta anang'oa mchicha. Matuta yale matatu ya mgahawa, ameyanyoosha kwa kamba, safi kuliko matuta yangu ya miaka yote. Pembeni ndoo ya mwarobaini uliolowekwa, majivu kwenye kopo la rangi. Mchicha umeanza kutoa maua. Siku mbili tatu zaidi unakuwa mgumu, hakuna atakayeutaka hata bure. Anaung'oa kwa sababu hauna pa kwenda.

Aliacha kazi, akaosha mikono, akanisalimia. Nikasema nimepita tu. Nimepita tu! Bondeni! Hakuna njia inayopita kule, inaishia kwenye kisima.

Akasema babu, mimi nimewaza sana. Labda mtu wa juu kapulizia shamba lake na maji yameleta. Pua yako haiwezi kudanganya. Ameanza kuchimba mfereji kuzuia maji ya juu. Peke yake, kwa jembe. Mfereji umefika urefu wa vitanda viwili.

Anachimba mfereji kuzuia koti langu.

Nikafungua mdomo. Kikatoka hiki: usichoke, binti. Kisha akanifungia fungu la mchicha, akanipa kwa mikono miwili, akakataa pesa kwa sababu mimi ni mzee na nilikuwa nafanya kazi yangu.

Nimefika nyumbani nimeupika. Sijaweza kuumeza. Si ladha. Ladha ni daraja la kwanza.


Jumanne, 23 Julai

Nimepata njia. Naandika kwamba ni njia, nione kama itakubali kuitwa hivyo.

Nimekwenda kwa Godeliva na shati tu, meno yanagongana kwa baridi. Nikamwambia: mama, yule binti ni mdogo, tumpe nafasi ya pili. Alete mboga Alhamisi, nitanusa upya mbele ya watu. Zikiwa safi, arudi.

Godeliva machozi yalimlengalenga. Kumbe hajalala vizuri wiki nzima. Jumapili yeye na Stela walikaa mabenchi tofauti kanisani. Akanishika bega akasema una moyo mkubwa, Mzee Mahona.

Unaona ujanja wa njia hii? Alhamisi nasema neno moja tu, safi. Stela anarudi, Godeliva anafurahi, mimi nabaki na pua na moyo mkubwa juu yake. Kila mtu anapata. Ila Stela atabaki kuwa binti aliyepulizia dawa akasamehewa. Ataongea na nani amwamini tena? Atazeeka na jina hilo. Na mfereji ataendelea kuuchimba, maana nani atamwambia aache?

Shilinde nilimweleza yote, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Mtani wangu, miaka ishirini hajawahi kukosa la kunicheka. Alizungusha gurudumu la baiskeli ya watu, akalitazama linavyozunguka, akasema: hilo sasa si la utani. Ukilimaliza njoo nikucheke.


Alhamisi, 25 Julai

Saa nne kasoro robo. Naandika hapa hapa kwa Godeliva, meza ya pembeni. Nimewahi. Nimeagiza chai ya tangawizi, isiyo na maziwa bila shaka, na nusu nimeimwaga kwenye ukurasa huu.

Koti liko miguuni, kwenye mfuko wa salfeti, nimeufunga kwa kamba. Paka amekuja mbio akidhani dagaa. Amenusa mfuko, amepiga chafya, ameondoka. Paka ni mteuzi kunizidi.

Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nimeyasoma mara nne. Kila mara yanaonekana mafupi, halafu yanaonekana marefu. Sentensi ya kwanza inaanza na "huenda". Nimelifuta "huenda".

Watu ni wengi leo. Godeliva amewatangazia. Hata yule mama mjamzito yupo, kanipungia mkono. Shilinde amefunga gereji, amesimama mlangoni, hajasema utani wowote tangu afike, na hilo linanitisha kuliko yote. Jikoni inanukia nsansa. Nawaza kitu cha aibu: kama hii ndiyo mara yangu ya mwisho kuila. Mtoto wa watu amechafuliwa jina, mimi nawaza nsansa! Lakini ndivyo nilivyo, na daftari ni langu.

Ningeweza kusema safi.

Stela amefika. Anaegesha baiskeli. Amevaa gauni la kanisani, leo Alhamisi, na viganja vyake vina malengelenge, nayaona kutoka hapa. Mafungu yamefungwa kwenye khanga iliyolowa. Amesimama nje, hataki kuvuka kizingiti mpaka aambiwe. Godeliva ametoka kumpokea. Hawajakumbatiana. Wote wawili wananitazama mimi.

Godeliva anaongea na wateja. Anasema Mzee Mahona ndiye aliyemwombea binti huyu, mzee mwenye haki, asiyependelea mtu. Watu wanaitikia. Jamani mama, nyamaza.

Shikamoo babu. Marahaba. Nimesema marahaba, sauti imetoka kama ya jogoo mgonjwa.

Kamba imekataa kufunguka. Nimeifungua kwa meno.

Koti limetoka. Mama wa meza ya pili ameshaziba pua. Karatasi ya maneno yangu sijui imeangukia wapi, haidhuru. Nimelivaa. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, vifungo vyote mpaka shingoni, kama Jumanne ile. Nimesimama, naandika kwa kuinama. Nataka Godeliva alinuse koti hili kwanza, kabla sijafungua mdomo wangu huu unaojua kujitetea.

Godeliva anakuja, fungu la mchicha mikononi. Bado anatabasamu.